Mlipuko Uliokuja Kabla ya Ratiba

Hotuba ya Mkurugenzi wa Mafunzo ya Madaktari Bingwa wa Afya ya Jamii, siku ya kuwatunuku wahitimu wa kwanza wa mafunzo yanayozingatia umahiri. Imenakiliwa neno kwa neno na karani wa kumbukumbu, aliyeagizwa aandike na makofi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetutumia salamu kwamba ungekuwepo kama ungekuja. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, uliye njiani tangu jana. Mheshimiwa Kaimu Mwakilishi wa Mwakilishi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, na wajumbe wa Kamati ya Kuifuatilia Kamati ya Maandalizi. Wageni wetu wawili kutoka shirika la wahisani, mlioketi pale na visikilizio masikioni ijapokuwa mkalimani hajafika. Wahitimu wetu ishirini na wanne mnaopendeza kwa majoho mstari wa mbele. Mama yangu mzazi, bila yeye mradi huu usingekuwa na mkurugenzi. Wananchi wa mtaa wa nyuma ya soko, ambao sikuwaalika lakini naona mmejaa mpaka madirishani. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau, basi amesahauliwa kwa kufuata utaratibu. (Makofi.)

Ndugu zangu, zamani daktari aliyetaka ubingwa wa afya ya jamii aliketi darasani miaka mitatu, akahesabiwa siku kama mfungwa, na akitoka anaitwa bingwa hata kama hajawahi kuchungulia shimo la choo. Leo hatuulizi daktari amekaa muda gani; tunauliza anaweza kufanya nini. Hiyo ndiyo fremuweki mpya. Nilipoisikia kwa mara ya kwanza, kwenye semina, wakati wa chai, nilisimama na kikombe mkononi nikasema mbele ya mashahidi: hii ni yetu, na mkurugenzi wake ni mimi. (Makofi.)

Fremuweki hiyo, kwa wale ambao hamkubahatika kusoma, ina umahiri arobaini na mmoja, na kila umahiri una kisanduku chake ndani ya kitabu cha mwanafunzi, na kisanduku hakijazwi mpaka mtathmini awe ameshuhudia kwa macho yake mwenyewe mwanafunzi akiifanya kazi ile. Kwa macho yake! Si kwa kusimuliwa, si kwa simu, si kwa "mimi namjua baba yake." Kanuni hii niliisoma kwa sauti kikaoni mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kipaza sauti kilikuwa hakijawashwa. Na matokeo mnayaona. Robo ya kwanza tulifikia asilimia sitini ya malengo, robo ya pili tisini, na robo ya tatu, kwa kasi tuliyokuwa nayo, tukashindwa kufunga breki tukafika mia moja na nne. (Makofi. Mgeni mmoja anaandika "104" na kupiga mstari chini yake.)

Mgeni wetu mwingine ameniuliza hapa mlangoni, kwa kuonyesha kidole, kwa nini majoho yamedariziwa "Sauti ya Nne" kifuani. Ni swali zuri. Sauti ya Nne ni ngazi ya juu kabisa ya umahiri, pale ambapo daktari haongei tena kwa kelele bali kwa uzito. (Kicheko kutoka kwa wanakwaya wawili waliokuja kulinda majoho yao.)

Sasa nije kwenye kiini. Umahiri wa kumi na nne unasema mwanafunzi aweze kuchunguza mlipuko wa ugonjwa mpaka aupate chanzo chake. Lakini huwezi kuchunguza mlipuko bila mlipuko. Mwingine angekata tamaa. Mimi niliunda Kamati ya Kutafuta Mlipuko, yenye wajumbe kumi na mmoja, iliyokutana mara saba kwenye chumba chenye kiyoyozi, na katika kikao cha nne, baada ya mashauriano ya kina na wadau wa ngazi zote, ikaafiki kwamba mlipuko ufanyike wiki ya thelathini na moja, mvua zikiwa zimepungua na magari ya Idara yakiwa yametoka gereji. Tukauingiza kwenye ratiba. Tukaupigia mstari mwekundu. (Makofi ya wajumbe kumi na mmoja.)

Kumbe maradhi hayasomi ratiba. Wiki ya sita, bila barua, bila taarifa, bila hata kupiga hodi, watu wa mtaa wa nyuma ya soko wakaanza kuharisha. (Sauti kutoka dirishani: "Nyumba nzima!") Nimekusikia, ndugu, nyumba nzima. Siku ya kwanza walikuwa wanne, siku ya tatu thelathini na wawili. Wala sikukaa kimya, maana wapo wanaosema nilikaa kimya. Siku hiyohiyo nilimwandikia mwenyekiti wa mtaa barua, nakala kwa watu tisa, nikimtaka awaombe wananchi wasitishe shughuli hiyo hadi wiki ya thelathini na moja au, ikishindikana kabisa, waiendeleze kwa kiwango cha chini ili tusije tukapungukiwa muda ukifika. (Kicheko kirefu.) Sijui mnacheka nini. Barua ilipokelewa na ikagongwa muhuri.

Hapo ndipo akajitokeza mwanafunzi mmoja. Naam, nitamtaja, maana nasikia minong'ono. Daktari mmoja wa kike, mnamwita Daktari Gambuti kwa sababu vile viatu vyake vya mpira havivui hata akiingia ofisini kwangu, na matope yake yapo kwenye zulia langu mpaka leo. Nilimwambia kwa upole: binti yangu, wewe uko kwenye umahiri wa tatu, kuandika kumbukumbu za kikao, unaruka vipi mpaka wa kumi na nne? Akanijibu, "Mzee, watu wanaharisha sasa hivi." Basi. Hilo ndilo jibu alilonipa, bila hata aya ya utangulizi. (Mlango wa nyuma unafunguliwa. Anaingia mwanamke mwenye gambuti, kitabu kimekunjwa kwapani.) Nani amemruhusu huyu? Nilisema asipite getini! Mlinzi! Mlinzi yuko wapi? (Mhitimu wa tatu kutoka kushoto anasimama.) Kaa chini, Daktari. (Anakaa.)

Nilikuwa nasema. Akaenda. Siku nne akapita nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja tu: maji ya kunywa mnachota wapi? Swali moja! Dodoso la Idara lina maswali mia moja themanini na saba, likiwamo la rangi ya mapazia, na limepitishwa na wataalamu. Kisha akachora ramani kwa kalamu ya wino nyuma ya kalenda ya Idara, ile yenye picha yangu nikizungumza na simu, na kila nyumba yenye mgonjwa akaitia nukta. Nukta zote zikalizunguka bomba la nyuma ya soko kama siafu. Akaifuata paipu ya bomba hilo, akafukua kwa jembe la kuazima, akaikuta imepasuka palepale inapopita kando ya shimo la choo kipya cha Idara, choo cha kisasa, nilichokizindua mimi mwenyewe kwa kukata utepe na kuwa wa kwanza kukitumia. Ramani hiyo nimeletewa. Ukiinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, bomba linaangukia kwenye tai yangu, na choo kinaangukia hapa, katikati ya paji la uso. (Kicheko. Mkurugenzi anajipangusa paji la uso.) Ndugu zangu, huo si uchunguzi, huo ni utovu wa adabu wenye nukta.

Na hakuishia hapo. Bila kibali cha kamati yoyote alilifunga bomba kwa mnyororo na kufuli, akawaelekeza watu wachote kwenye bomba la juu kilimani, akawafundisha akina mama kuchemsha maji na kuchanganya chumvi na sukari kwa vipimo, na ilipofika wiki ya nane hapakuwa tena na mgonjwa. (Makofi makubwa kutoka madirishani.) Msipige makofi! Mnashangilia hasara! Wiki ya thelathini na moja tulifika pale wajumbe wote kumi na mmoja, tumevaa fulana zilizoandikwa "Mlipuko Wetu, Fursa Yetu," na hatukumkuta hata mtu mmoja mwenye tumbo la wasiwasi. Tulizunguka mtaa mzima tukiwauliza watu hali, wakatujibu hawajambo, mmoja baada ya mwingine, bila huruma.

Kwa hiyo kwenye kitabu chake, kisanduku cha kumi na nne, niliandika kwa mkono wangu neno moja: "Bado." Bila kisanduku hicho hapati ubingwa, na bila ubingwa hawezi kupangiwa kituo cha mtaa ule, hata wananchi wakiandika barua kumi na saba, na mmeandika kumi na saba, nimezisoma mbili. Tena, kwa kuwa bomba limefungwa na mtu asiye na umahiri wa kufunga bomba, kufungwa kwake ni batili, na Jumatatu saa tatu asubuhi nitakwenda kulifungua rasmi. Utepe upo. Mkasi upo. Maji ni salama. Ukarabati wa paipu uko kwenye awamu ya pili. (Zomeazomea. Mtu anagonga bati la dirisha.)

Tulieni, tulieni. Wageni watadhani hampendi maendeleo. Na ili wageni hao wayaone matokeo yakitembea kwa miguu, sasa nawaletea mama yangu mzazi, mkazi wa mtaa huohuo, aliyeugua siku tano akalala hajitambui, na leo yuko mbele yenu mzima, kwa juhudi za wahitimu hawa ishirini na wanne. Mama, karibu. Wape mkono madaktari wako, uwashukuru. Mpiga picha, sogea, sogea zaidi, mnipate na mimi. (Mama anainuka, ameshika goti. Anamwendea mhitimu wa kwanza. Anamtazama usoni, anatazama joho, anarudi usoni.)

(Mama: "We Kasuku, huyu si dereva wako aliyenileta asubuhi? Amekuwa daktari saa ngapi?" Ukumbi unaangua kicheko.)

Mama yangu ni mtu wa utani, mmezaliwa mmemkuta hivyo. Hilo jina la Kasuku ni la nyumbani, karani usiliandike. (Limeandikwa.) Dereva huyu, wageni wetu, ni mfano hai wa umahiri mtambuka, yaani mtumishi mmoja anayeweza kuendesha gari na wakati huohuo... Mama, endelea tu, usisimame sana hapo.

(Mama kwa mhitimu wa pili: "Na wewe, mwanangu, ile chai ya asubuhi ulizidisha sukari." Mhitimu wa pili: "Nisamehe, mama, nilikuwa naharakishwa nije nivae." Mama kwa wa tatu: "Wewe ndiye unayenizuia getini kila nikija kumwona mwanangu." Mhitimu wa tatu anavua kofia.)

Mama. Mama yangu. Inatosha. Rudi ukae, magoti yako hayataki kusimama. Wageni, hivi ni vichekesho vya kifamilia, kwetu sisi...

(Mama anageukia ukumbi: "Aliyenitibu yule pale nyuma, mwenye gambuti. Alikuja siku tatu mfululizo, akanikalia kitandani, akaninywesha kwa kijiko kama mtoto mchanga. Kijana wa jirani yangu macho yalishaingia ndani. Akambeba mgongoni mpaka zahanati, kwa miguu. Akalifunga lile bomba nikiwa namtazama dirishani kwangu. Wewe nilikupigia simu, Kasuku. Katibu wako akaniambia uko kwenye kikao cha mlipuko.")

Ilikuwa... kilikuwa kikao cha tano, mama. Hakuna aliyeniletea ujumbe kwamba ni wewe. Yaani, ujumbe uliletwa. Niliuweka chini ya jalada nikidhani ni wa wale wagonjwa wa kawaida.

(Mama: "Sikulaumu. Nakwambia tu jambo moja, mbele ya hawa watu. Jumatatu ukilifungua lile bomba, ndoo ya kwanza nachota mimi. Kule juu siwezi kupanda, jirani ndiye ananichotea. Lakini la chini likifunguliwa nitakwenda mwenyewe na kikombe changu, nichote mbele yako, ninywe mbele yako. Si umesema maji ni salama? Si kwenu mpaka mtu ashuhudie kwa macho? Utanishuhudia.")

(Mkurugenzi anageuza karatasi. Anaigeuza tena. Anaiweka chini.)

Bomba lisifunguliwe.

Karani, umeandika? Andika hivyohivyo: bomba lisifunguliwe. Andika na choo cha Idara kifungwe leo, shimo lake lihamishwe, na mpaka lihamishwe mimi nitatumia cha sokoni, nitapanga foleni kama watu. (Makofi. Vigelegele.) Uamuzi huu wa kihistoria, ndugu zangu, ambao nimekuwa nao moyoni tangu mwanzo wa hotuba hii na nilikuwa nasubiri tu wakati mwafaka wa kuutoa... (Mama anamtazama.) Niliufanya sasa hivi. Sasa hivi, aliponitajia kikombe.

Wewe Daktari, njoo mbele. Njoo na matope yako, wala zulia halikuhusu, la hapa ni la kukodi. Lete hicho kitabu nilifute hili neno "Bado" nitie saini yangu. (Daktari Gambuti anakuja mbele. Anafungua kitabu, lakini hampi kalamu.) Nipe kalamu. Una nini tena?

(Daktari: "Mzee, wewe huwezi kutia saini. Mtathmini awe ameshuhudia kwa macho yake mwenyewe. Ni kanuni yako.")

Ni kanuni yangu. Niliisoma mara mbili. Si kwa kusimuliwa, si kwa simu... Basi nani ameshuhudia? Wajumbe wangu kumi na mmoja, nani alikuwepo? (Wajumbe wanatazama viatu vyao.) Wahitimu? Dereva, wewe ulikuwepo? (Dereva: "Mimi nilikuleta kikaoni, mkuu.") Kwa hiyo katika ukumbi huu mzima, wenye kamati tatu na mkurugenzi mmoja, hakuna hata...

Mama.

Karani, leta kile kidau chako cha wino. Mama yangu hashiki kalamu, kalamu zote za nyumba ile nilizishika mimi. Mama, nipe mkono. Dole gumba. Hapo, chini ya neno "Mtathmini." Bonyeza. Usiwe na wasiwasi, ukivuka mstari si kitu. Bonyeza kidogo tena. Basi. (Makofi. Wageni wawili wanasimama na kupiga makofi bila kujua kwa nini.)

Kimeandikwa. Umahiri wa kumi na nne: amefikia. Ndicho kisanduku cha kwanza kujazwa kihalali katika mradi huu, na nasema hivyo kwa fahari ambayo sikuitegemea.

Nimalizie kwa shukrani. Naishukuru kwaya kwa majoho. Nawaomba wahitimu myarudishe kabla ya saa kumi maana wanakwaya wana mazoezi. Namshukuru dereva, mpishi wa chai, mlinzi, na wenzao ishirini na mmoja wa masijala, stoo na gereji, kwa kukubali kuwa madaktari bingwa kuanzia saa mbili hadi saa sita. Namshukuru mkalimani kwa kutofika. Naushukuru mtaala, ambao ni jalada zuri sana lenye jina langu juu na karatasi nyeupe ndani. Na nakishukuru kitabu hiki cha umahiri, ambacho kipo kimoja tu nchi nzima, kwa sababu mwanafunzi wetu pekee alikwenda mwenyewe kukidurufu kwenye ile semina, wakati mimi niko kwenye chai. Mradi huu, ndugu zangu, umefanikiwa sana kwa mradi ambao haujaanza. (Kicheko, kisha makofi.)

Umahiri! (Kimya.) Umahiri, hoyee! (Mtu mmoja anakohoa.) Basi. Bomba! (Ukumbi wote: "Limefungwa!") Bomba! ("Limefungwa!") Na nani ameshuhudia? ("Mama!")

Asanteni, mwende salama, mchemshe maji. Daktari, naomba ubaki kidogo. Kitabu chako kina umahiri arobaini na mmoja, na mimi nimekuwa mkurugenzi wake bila hata mmoja. Hebu nifungulie ukurasa wa kwanza, unionyeshe pa kuanzia.

(Daktari Gambuti hafungui kitabu. Anamtazama Mkurugenzi viatu vyake vya kung'aa, kisha anatazama nje, upande wa lile shimo. "Unavaa namba ngapi, Mzee?")

Arobaini na tatu.